Nukta Iliyokaa Pale Pale

Sheria ya ofisi ya uvuvi ilikuwa wazi: deki inaanza kwenye korido, halafu ngazi, halafu vyoo, na vyumba vya maafisa vinakuja mwisho. Mama Deki aliijua sheria hiyo kwa moyo na hakuifuata hata siku moja. Kila asubuhi, saa moja kasoro, alipita kwenye korido kama vile haipo, ndoo mkono mmoja na tambara mkono mwingine, akaenda moja kwa moja chumba cha skrini. Kabla hajalowesha tambara aliinua macho ukutani kutafuta nukta ya kijani yenye namba arobaini na moja.

Akiiona, moyo ulishuka mahali pake. Hapo ndipo kazi ilipoanza.

Nukta ile ilikuwa meli ya uvuvi ya watu kumi na mmoja, na mmoja kati ya hao kumi na mmoja alikuwa mwanawe, fundi wa injini. Serikali imeweka sharti kwamba kila meli inayovua kwa biashara ibebe kisanduku cheupe juu ya paa la kibanda cha usukani, kimekazwa kwa nati na kupigwa lakiri. Kila saa kisanduku kinapeleka habari angani, na habari inarudi ofisini kama nukta kwenye ramani. Maeneo mengine baharini yamefungwa ili samaki wazaliane. Yamechorewa mstari mwekundu. Nukta ikivuka mstari, king'ora kinalia. Nukta ikizimika, king'ora kinalia. Mabaharia walikichukia kisanduku hicho na kukiita Kachero, kwamba kazi yake ni kuwachongea.

Mama Deki hakuona kachero wala mchongezi. Yeye aliona mtoto anayempitia mama yake mlangoni kila saa kusema, nipo.

Hakuwa na mwingine wa kumpitia. Baba wa kijana alifariki kijana akiwa darasa la nne, na tangu hapo walikuwa wawili tu, chumba na sebule. Kijana alipoingia baharini, wiki tatu kule na siku nne nyumbani, nyumba ikapata ukimya wa ajabu, ule wa mtu kusikia kijiko chake mwenyewe kikigonga kikombe. Kuna jioni Mama Deki aliwasha redio ili apate wa kubishana naye. Mtangazaji akisema kesho mvua, yeye anamjibu, mvua gani, wewe umetoka nje leo?

Afisa wa skrini alikuwa kijana mpole mwenye miwani mizito, peke yake na nukta zaidi ya sitini. Alimzoea. Mwanzoni alimkumbusha habari ya korido, mwisho akachoka, akawa anamwelekeza. Nukta ikienda na kurudi kama mtu anayetafuta funguo, hiyo inavuta nyavu. Ikinyooka, inasafiri. Ikikaa mahali pamoja na kuacha vidoa vingi vimerundikana kama mbegu za papai, imetia nanga. Mama Deki aliishia darasa la saba, lakini kwa ile nukta moja angeweza kumfundisha afisa mwenyewe. Afisa alikuwa akiangalia sitini. Yeye aliangalia moja.

Na si yeye peke yake aliyefaidi. Mlango wa tatu kutoka kwake aliishi mshonaji, mke wa mpishi wa meli ile ile. Mpishi alikuwa mzee waliyemwita Babu Chumvi. Alikuwa na kisukari cha kujidunga sindano, na mabaharia walisema daktari alipomkataza sukari, hasira zake zote alizihamishia kwenye chumvi; walidai anachota maji ya kupikia moja kwa moja baharini. Kila jioni bombani, wakisubiri ndoo zijae, mshonaji aliuliza swali lile lile, wako wapi leo watu wetu? Mama Deki alimjibu kama mkuu wa bandari: leo wanavuta nyavu, leo wanasafiri, leo wamelala. Mshonaji alibeba maji yake akaenda na amani zake.

Basi ikafika Jumapili ya mwisho ya mapumziko ya kijana. Alikuwa ameinama sakafuni anatengeneza jiko la mama yake, mikono imejaa masizi, akasema bila kuinua kichwa:

"Mama, safari hii utaona nukta imesimama. Kuanzia Jumatatu mchana mpaka Alhamisi asubuhi. Usishtuke."

"Isimame kwa nini? Mtakuwa mmeharibikiwa?"

"Haitakuwa sisi."

Akamweleza, kidogo kidogo, kama mtu anayetoa mwiba. Nahodha alikuwa ameshaifungua lakiri na kuirudisha vizuri, huwezi kujua kama imeguswa. Kisanduku kina betri yake ndani na kioo cha kuvuta jua juu, hakihitaji meli. Watakifunga kwenye boya kubwa lenye nanga, mahali panaporuhusiwa, kiendelee kusema niko hapa, niko hapa. Wao wataingia kwenye zuio, ndani ya mstari mwekundu, upande wa miamba, ambako samaki hawajaguswa miaka. Siku tatu. Alhamisi asubuhi wanarudi, wanakichukua, wanakipandisha paani, nukta inaanza kutembea. Wenzao wa meli nyingine wamefanya mara ngapi, na nani amejua?

Mama Deki alisimama na kikombe mkononi.

"Na mkizama?"

"Hatuzami, Mama."

"Nimekuuliza mkizama."

Kijana akacheka, akasema mama angekuwa nahodha, meli isingetoka hata gatini, wangevulia samaki sokoni. Mama hakucheka. Akasema mengi: kwamba sheria haikuwekwa na wendawazimu, kwamba kile kisanduku ndicho kamba pekee inayomfunga yeye na nchi kavu, kwamba atamwendea nahodha nyumbani kwake. Hapo kijana akanawa mikono, akamkalisha chini.

"Nimekwambia wewe tu kwa sababu nakujua. Ungeiona imekaa siku tatu ungempigia yule afisa kelele mpaka atume ndege. Ukisema, meli inafungiwa, na sisi kumi na mmoja tunarudi kukaa vibarazani, pamoja na Babu Chumvi na umri wake. Niahidi utanyamaza."

Akaahidi. Kwa shingo upande, lakini akaahidi.

Wewe mama unayesoma, pashike hapo. Si pale mtoto alipokosea. Watoto wanakosea na watakosea. Ni pale mama alipopewa siri akaifungia moyoni kama zawadi, kwamba mwanangu kaniamini mimi peke yangu. Siri nyingine si zawadi. Ni mzigo wa moto unaopewa ushike huku mwenyewe ameondoka.

Jumatatu saa nane mchana nukta arobaini na moja ikasimama. Mama Deki alikuwa anafuta madirisha. Aliitazama, akatazama pembeni, kama mtu aliyekutana na mdai wake njiani. Afisa akasema, watu wako wametia nanga. Akasema, ndiyo, wamechoka. Ulikuwa uongo wake wa kwanza katika chumba kile na ulimtoka laini kuliko alivyotegemea. Bombani mshonaji alipouliza, alisema, wapo, wamepumzika.

Jumanne pale pale. Jumatano pale pale, na Jumatano upepo ulikuwa mkali; mabati ya nyumba za jirani yalipiga kelele mchana kutwa na ofisini watu walifunga madirisha. Aliitazama nukta ile iliyotulia ndani ya upepo kama jiwe. Kwa mara ya kwanza tangu mwanawe aingie baharini, hakujua yuko wapi. Nukta ilikuwepo, lakini ilikuwa kama nguo ya mtu iliyoachwa juu ya kiti.

Akajipa moyo. Alhamisi asubuhi.

Alhamisi saa moja kasoro nukta ilikuwa pale pale. Saa tatu, pale pale. Alideki chumba cha skrini mara tatu siku hiyo, mpaka afisa akamuuliza kama kuna mtu amemwaga kitu. Saa sita alisimama nyuma ya kiti chake, akafungua mdomo, na maneno yakafika mpaka kwenye meno. Akilini akamwona nahodha na pingu. Akamwona mwanawe amekaa kibarazani, hamtazami, akisema nilikuambia wewe peke yako. Akauliza tu, hivi mwanangu, nukta ikikaa muda mrefu hivi ninyi huwa hamwendi kuangalia? Afisa akageuka, akatabasamu. Alisema zinazowashughulisha wao ni zile zinazozimika au kuvuka mstari. Hii imetulia ndani ya mipaka, inatuma habari kila saa, haina shida na mtu. Ingekuwa watoto wote wako hivi, alisema, walimu wangelala.

Akachukua ndoo yake akatoka.

Jioni bombani mshonaji akauliza.

"Pale pale," alijibu Mama Deki.

"Siku nne? Wamepata samaki pale au wamepata wake?"

Wanawake wa foleni wakacheka. Mama Deki naye akacheka. Mshonaji akasema anahesabu sindano za mume wake kichwani, amemfungashia za kutosha wiki tatu, shida yake ni uzee, anasahau kula. Kisha ndoo yake ikajaa, akaondoka.

Ijumaa ilikuwa Alhamisi ya pili. Sitaki kuirefusha. Alijiambia labda samaki ni wengi wameongeza siku, labda wameshindwa kuliona boya kwa sababu ya mawimbi, labda saa hii hii wanalivuta kwa kamba. Kila labda ilimsogeza saa moja mbele. Mchana alikaa kwenye ngazi za nyuma za ofisi na chakula chake kwenye bakuli, hakukigusa. Angempata mtu mmoja tu wa kumwambia, hata asiyeweza kusaidia, ingekuwa nafuu. Lakini waliojua walikuwa watu kumi na wawili duniani, na kumi na mmoja hawapatikani.

Jumamosi si siku ya deki. Alifika saa nne asubuhi na kanga ya nyumbani, hana ndoo. Afisa alikuwa zamu peke yake, ana kikombe cha chai na gazeti. Mama Deki hakukaa.

"Mwanangu, ile siyo meli," alisema. "Arobaini na moja. Ile ni boya."

Afisa aliigeukia skrini. Kisha akaweka kikombe chini. Mama Deki akasema yote bila kituo: lakiri, boya, zuio, upande wa miamba, Alhamisi. Alipomaliza afisa alikuwa ameshashika redio. Aliita meli arobaini na moja mara tano, mara kumi. Ulijibu mvumo tu. Akaomba meli ya karibu isogee penye nukta. Baada ya saa moja na nusu sauti ikarudi, sauti ya nahodha mwingine, imepooza: hakuna chombo hapa, kuna boya, juu yake kuna kachero amefungwa kwa waya, na ndege wawili wamekaa.

Afisa akavua miwani. Alisema kwa upole, na upole ule ulimuuma Mama Deki kuliko matusi, kwamba kwenye kisanduku kile kuna kitufe chekundu. Meli ikipata shida mtu anakibonyeza na ofisi inajua dakika hiyo hiyo. Nacho kitufe wamekiacha kwenye boya.

Boti ya doria ilitoka, na ndege ndogo ikaazimwa. Waliwapata Jumapili alasiri, mbali kupita miamba, meli yao inaelea kiubavu. Jumatano ile ya upepo wimbi lilikuwa limevunja dirisha la jikoni na kuingia chumba cha injini. Injini ikafa, betri zikazama, redio nayo ikanyamaza. Kijana wake alikuwa ameifungua injini yote kipande kwa kipande, akaikausha kwa mashati, akaifunga, na haikuwaka. Watu kumi walikuwa hai, midomo imepasuka kwa kiu.

Babu Chumvi hakuwa hai. Sindano zake zilikwenda na maji yaliyofagia jiko. Alhamisi alikuwa anaongea, Ijumaa akawa anatapika na kuhema haraka haraka, Jumamosi jua linachomoza akakata roho, kichwa chake kwenye paja la fundi.

Jumamosi jua linachomoza. Mama Deki alikuwa anajifunga kanga.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Mama Deki aliporudi nyumbani alikuta ameshakuwa shujaa. Afisa, kwa wema wake, alikuwa ameandika kwenye taarifa kwamba meli iligundulika kutokana na habari iliyotolewa na mfanyakazi wa usafi, na hakuandika habari hiyo ilikaa na mfanyakazi huyo siku ngapi. Wake wa mabaharia walikuja mmoja mmoja na wengine makundi, wakamkumbatia, wakasema Mungu akuweke, bila wewe wangekwenda wote. Nahodha alikamatwa, meli ikafungiwa, na hata hilo halikuwanunisha. Nyumba iliyokuwa na kikombe kimoja ikajaa watu mpaka viti vikaazimwa. Alikaa katikati yao ameshika tama, na hajawahi kuwa peke yake namna ile.

Kijana alikuwa amelazwa, dripu mkononi. Siku ya kwanza hakuongea. Siku ya pili, mama anamkuna mgongo, akasema:

"Alhamisi mchana niliwaambia wenzangu, tulieni, mama yangu ataona. Nikawaambia aliniahidi atanyamaza, lakini namjua, hawezi. Babu Chumvi alicheka sana. Akasema basi wageni wako njiani, atafute pa kuchemshia chai." Akaitazama dripu. "Ijumaa nikawaambia tena. Jumamosi sikuwaambia."

Mkono wa mama ukasimama mgongoni.

"Ulisema lini, Mama?"

"Jumamosi. Saa nne."

Kijana hakugombana naye. Angegombana ingekuwa heri. Alivuta shuka mpaka begani, akageukia ukutani, akasema kwa sauti ndogo kwamba kosa ni lake, yeye ndiye aliyemfunga mdomo. Mama alilijua hilo, na hakupata nafuu yoyote kwa kulijua. Miaka yote alimgombeza kwa mengi, viatu, marafiki, kuchelewa, na mtoto akajenga imani yake yote juu ya domo la mama yake. Siku moja alipolifunga, ndiyo siku mtoto alipolihitaji.

Wiki ya pili baada ya mazishi, mshonaji alimfuata nyumbani. Alikuwa ndani ya nguo nyeusi aliyojishonea mwenyewe, mishono imepinda, yeye ambaye hakuwahi kupinda mshono. Alikuja kushukuru. Alisema wengine bahari inawameza na wake zao wanakaa miaka wakiangalia mlango. Yeye amemzika wake kwa mikono ya watu, anajua kaburi liko wapi, na hilo ni kwa ajili ya dada yake huyu. Akamshika mikono yote miwili.

Mama Deki angeweza kuzipokea shukrani zile. Hakuna ambaye angemuuliza. Mwanawe asingesema, afisa hakuandika. Ingekuwa siri nyingine tu, na ya kwanza ilikuwa bado inamuunguza viganja.

Akasema, "Siku ile bombani uliponiuliza, nilijua ile siyo meli."

Mshonaji hakuachia mikono yake mara moja.

"Alhamisi?"

"Alhamisi nilijua walitakiwa wawe wamerudi. Toka Jumatatu nilijua ni boya."

"Na Ijumaa?"

"Na Ijumaa."

Nje mtu alipita akiburuta kitu kizito, sauti ikaja, ikapungua, ikaisha. Mshonaji akavuta mikono yake taratibu, akaiweka mapajani, akaitazama. Mama Deki alianza kueleza habari ya ahadi, na mwanawe, na vibaraza, na kila neno lilipotoka aliona halina uzito wa unyoya. Akaacha.

Mshonaji alisimama. Alijishika ukutani kwanza, halafu kwenye mlango.

"Dada, sasa hivi sina nguvu," alisema. "Nikipata nguvu ya kukutukana nitakuja."

Akatoka. Mama Deki alimsikia akipita milango, wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wa tatu ukafungwa.

Kijana alipona akapata kazi gereji, mji mwingine, mbali na maji. Hupiga simu, wanasalimiana, wanaulizana afya. Mama Deki bado anadeki pale ofisini, na sasa anaanza na korido kama sheria inavyotaka. Akirudi jioni anafungua mlango wake wa mbele, anaweka kiti mahali panapoonekana kutoka nje, na anakaa. Mshonaji hajaja bado.